Pumzi ya Kompyuta ya Baba

Baba ananiita mama, kwa sababu nimebeba jina la mama yake. Akinihitaji kwa jambo la kawaida huniita mara moja. Siku ile kwenye simu aliniita mara mbili, mama, mama, nikajua kuna kitu.

Nilikuwa Musoma, kwenye chumba ninachofanyia kazi. Kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta kwa ajili ya watu ambao wengi wao sijawahi kuwaona uso kwa uso. Dirisha linatazama mawe makubwa, na nyuma ya mawe kuna ziwa. Asubuhi ile ziwa lilikuwa jeupe, halina mstari wa mwisho, mbingu imeanzia popote ilipotaka. Nilikuwa nalitazama huku kazi imelala mezani.

"Wamekuja," baba alisema.

"Akina nani, baba?"

"Mwenyekiti wa kigango na katibu wake. Wamekuja na heshima zote, wameleta na sukari. Ukiona mtu mzima anakuletea sukari halafu anaongea polepole, ujue anakuja kukutoa mahali."

Baba amekuwa akisoma somo la kwanza katika kanisa la kigango chetu, tawi dogo la parokia huko Butiama, tangu kabla sijazaliwa. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na sauti yake ilikuwa haihitaji kipaza sauti. Kisha presha ya macho ikaanza kumla kidogo kidogo, kutoka pembeni kuja katikati. Jumapili moja aliruka mstari, Jumapili nyingine akausoma mstari ule ule tena, na watoto wakacheka. Basi wazee wa kigango walikuja kumwomba apumzike. Baba aliomba aachiwe sikukuu ya mtakatifu somo wa kigango, iliyokuwa inakaribia. Akisoma vizuri, kiti chake kibaki. Akishindwa, atakabidhi kitabu mwenyewe mbele ya watu.

"Sasa nataka ile kompyuta yangu inisomee," aliniambia. "Niweke yote kichwani. Nasikia siku hizi zinasomaga."

"Nitakuja nikusomee mimi, baba."

"Wewe una kazi zako. Halafu nikikwambia rudi, rudi, rudi, utanuna. Nakujua. Mimi nataka kitu nakiamuru mwenyewe."

Kweli ningenuna. Hasira zangu ziko karibu, hata mama husema nilizaliwa nikiwa nimekunja ngumi. Lakini siku ile sikuwa na hasira, nilikuwa na hofu. Sikuwahi kumfikiria baba akiwa amekaa benchi la nyuma, mikono mapajani, akimsikiliza mtu mwingine akisoma.

Nilifungasha furu wakavu, samaki wadogo wa ziwani anaowapenda mama, kompyuta yangu na nguo chache, nikaenda nyumbani.

Nyumba yetu iko upande wa pili wa Mwitongo, chini ya mawe yanayokaa joto mpaka jua likishazama. Kompyuta ya baba ilikuwa pale pale ilipokuwa siku zote, kwenye meza ya kona, imefunikwa kitambaa cha mama cha kushona kwa mkono. Ni laptopu ya zamani, nene, nzito, na betri yake ilishakufa, kwa hiyo bila waya wa umeme haiwaki kabisa. Macho yalipoanza kufifia, baba alidondoshea tone la gundi juu ya kila herufi anayoitumia sana, likakauka likawa kipele. Vidole vyake vinatembea juu ya vile vipele bila kusita. Nilikuwa nimemletea simu mpya mwaka uliopita. Kioo chake hakikutambua vidole vilivyokomazwa na jembe, akaipa jina la mgeni asiyeitikia salamu, akamwachia mama. Kompyuta yangu nayo aliipapasa, akaisukuma taratibu. "Nimeshajifunza huyu mmoja," alisema. "Usinipe mwingine uzeeni."

Hapo ndipo shida ilipoanzia. Programu ya kusoma maandishi kwa sauti ipo, tena inajua Kiswahili. Lakini inasimama juu ya kiunzi, yaani mkusanyiko mkubwa wa programu nyingine zinazoibeba, na watengenezaji wa kiunzi hicho waliacha siku nyingi kutoa kilicho tayari kwa mashine za umri ule. Wanakupa maandishi yake tu. Ukitaka kukitumia, ukijenge mwenyewe: unaipa mashine yale maandishi, inayasaga, inatoa kitu inachoweza kukitumia. Ni kama kupewa mtama badala ya unga. Na kabla ya kusaga kuna kupanga: kuiambia mashine vitu gani inavyo, viko wapi, kipi kiachwe. Wenzangu huita kazi hiyo kukompaili. Mama aliiita kusaga kuanzia siku ya kwanza, na mimi nikamfuata.

Kijijini mtandao ulikuwa wa kuvizia, na ile mashine ilikuwa nzito kama ng'ombe aliyelala, kwa hiyo nilijiwekea utaratibu. Asubuhi nilikaa barazani na kompyuta yangu, nikasahihisha faili za mipangilio, nikazihamisha kwa flashi mpaka kwenye mashine ya baba, nikaiambia ianze. Ikaanza. Maneno yakapanda kwenye kioo kama sisimizi. Ilikagua hiki, ikakagua kile, ikamaliza kukagua, nikajua sasa itasaga. Ikarudi mwanzo kukagua. Ikamaliza. Ikarudi tena. Ilizunguka hivyo mpaka ikachoka yenyewe, ikaandika kwamba orodha ya kazi bado ni chafu hata baada ya kujaribiwa mara mia.

"Inasemaje?" baba aliuliza. Alikuwa ameketi karibu, sikio likielekea kwenye feni.

"Inasema kuna kitu kichafu."

Mama aliondoka, akarudi na kitambaa chenye maji. "Si ungesema tangu asubuhi? Leta niifute."

Nilicheka mpaka machozi, kisha nikakasirika, maana kicheko hakikusaga kitu. Nilibadilisha mipangilio. Nilipunguza kila ambacho mzee asiyeona hahitaji: picha, rangi, video, madirisha yanayoteleza. Nilitafuta toleo la zamani la kile chombo kinachosaga. Kila asubuhi nilisahihisha, nikahamisha, nikaanzisha, na kila asubuhi ikazunguka na kurudi mlangoni, na chafu yake ile ile.

Siku zilianza kukosa mipaka. Mchana joto lilishuka kutoka kwenye mawe, nikalala kwenye mkeka kando ya meza, feni ya mashine ikivuma karibu na kichwa changu. Katika usingizi ule mwepesi nilisikia kengele za ng'ombe na sikujua kama wanatoka au wanarudi. Niliota niko darasani kwa baba, anaita majina, kila mtoto anaitikia, na akifika mwisho anaanza upya kwa sababu kuna mmoja ambaye hajamwona. Nilipoamka baba alikuwa bado ameketi pale pale. Hakuniuliza imefikia wapi. Aliuliza tu, "Umeshiba usingizi, mama?" Ningefurahi kama angenigombeza.

Nikaamini tatizo ni kumbukumbu ya mashine, kwamba ni ndogo, inasahau katikati ya kazi. Nikaenda Bunda kwa fundi mmoja ambaye chumba chake kimejaa mizoga ya kompyuta mpaka darini. Alipekua, akachomoa kipande kutoka kwenye mzoga mmoja, akakipuliza vumbi.

"Hii, dada yangu, ilikuwaga ya ofisi," alisema. "Imezoea kazi. Lakini kwa nini usimnunulie mzee mpya?"

"Hataki."

"Basi huyo ni mzee wa kwetu," akasema, akanifungia kwenye gazeti.

Njia ya kurudi ilipita karibu na mashamba ya Guta, mihogo imesimama kimya kwenye mwanga wa mchana, na nilijisikia mtu anayebeba dawa. Nilipofika nyumbani ilikuwa alasiri. Nikakipachika kile kipande bila kubadilisha faili yoyote, nikaianzisha kama nilivyoiacha asubuhi. Ikakagua mara moja tu. Halafu, Mungu wangu, ikaanza kusaga. Namba zikapanda. Baba aliinua kichwa. "Feni imebadilika," alisema. "Sasa inavuta mzigo." Tukakaa wote watatu tukisikiliza ule mvumo, mama na mchele wake kwenye ungo.

Kisha umeme ukakatika, kijiji kizima, na mashine isiyo na betri ikazima kama kibatari.

Haikuniumiza sana, kwa sababu nilijua dawa imepatikana. Asubuhi, umeme uliporudi, nikaona niboreshe kidogo mipangilio kwanza ili ikikatika tena isipoteze kazi. Nikasahihisha, nikahamisha, nikaanzisha. Ikakagua. Ikarudi mwanzo. Ikarudi mwanzo. Chafu.

Nilipiga meza. Gundi ya herufi moja ikabanduka. Baba akaitafuta mezani kwa kidole, akaipata, akaishika kiganjani.

"Sikukuu ni Jumapili ijayo," alisema. "Kama haitaki, haitaki. Kitabu nitakabidhi. Si kifo."

Alisema hivyo kwa sauti ya mwalimu anayefunga kipindi. Mama aliacha alichokuwa anafanya, akatoka nje, na nikasikia anaongea na kuku kwa ukali usiokuwa wao.

Nikaamua kuupiga picha ule ujumbe, nimtumie rafiki yangu wa kazi. Niliichukua simu yangu nikaiinua mbele ya kioo cha mashine, na hapo zikawa zimekaa sambamba: saa ya simu juu, saa ya kompyuta kwenye kona ya chini. Simu iliandika 9:40. Kompyuta iliandika 3:40. Nilizisoma zote mbili, na zote zikaniambia kitu kimoja: saa tatu na dakika arobaini asubuhi. Niliteremsha simu. Nikainua tena. Nafikiri nilikaa hivyo muda mrefu, kama mtu anayesikia anaitwa kwa mbali.

Tangu nifike nilikuwa nimeitazama ile saa ya kona mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na kila mara ilikuwa sawa. Saa mbili asubuhi iliandika mbili. Saa nne iliandika nne. Ni akili gani ya Kiswahili ingeona kosa hapo? Wenzangu wa mbali wangeliona siku ya kwanza. Sisi tumezoea kusoma tisa na kusema tatu, tangu tukiwa shule ya msingi, mpaka macho na mdomo havigombani tena. Na tukikuta tatu imeandikwa tatu, tunashukuru tu na kuendelea.

"Baba," nilisema, "hii saa ya kompyuta nani aliiweka?"

"Mimi. Zamani sana, kabla shule haijanipa nikistaafu. Walipotuletea shuleni, watoto wako mstarini asubuhi, saa mbili, jua hilo, yenyewe inasema saa nane. Nikasema hapana, huu ni uongo, nikaisahihisha."

"Uliirudisha nyuma saa sita."

"Niliisahihisha," baba alisema.

Basi mashine ya baba ilikuwa ikiishi saa sita nyuma yetu. Sisi tukinywa chai, kwake bado ni usiku wa manane. Na mimi kila asubuhi niliipelekea faili zilizoandikwa kwenye kompyuta yangu, zenye saa ya kwangu, saa ambayo kwake haijafika. Mashine inayojenga huangalia kipi kimeandikwa mwisho: kama mipangilio ni mipya kuliko hesabu ilizofanya, inazifanya upya. Ilizifanya upya. Bado mipangilio ikaonekana mipya, maana ilitoka kesho. Ikazifanya tena. Ingewezaje kumaliza? Ndiyo maana ile alasiri ya Bunda ilikubali. Kipande cha fundi hakikuwa dawa ya ugonjwa huo. Ni kwamba saa zilikuwa zimetembea kutwa, na alasiri ile mashine ya baba ilikuwa imeifikia asubuhi yangu.

Nilimweleza. Alisikiliza, kichwa kimeinama, kipele cha gundi bado kiganjani.

"Kwa hiyo nisogeze saa, baba, iwe kama za watu wote, kisha tuanze."

"Yaani saa mbili asubuhi iandike nane?"

"Ndiyo."

Baba akakigeuza kile kipele kiganjani. "Mama. Huyu ndiye atakuwa ananiambia saa. Mimi sasa hivi usiku na mchana vimeanza kufanana. Juzi nilitoka kufungulia ng'ombe, mama yako akanirudisha, kumbe bado giza. Nikimuuliza saa, nataka aseme saa yetu. Asinianzie hesabu."

Hilo la ng'ombe sikuwa nimeambiwa. Nilimtazama mama mlangoni, akaangalia pembeni. Nilijua baba anaona vibaya. Sikujua kwamba giza limeshafika hapo. Mashine ikavuma tu kati yetu.

Saa sikuisogeza. Kuna amri fupi ya kugusa faili, ambayo haibadilishi kitu ndani yake, inaigonga tu muhuri wa sasa. Nikaziamuru faili zote, maelfu yake, zihesabu kwamba zimeandikwa dakika ile, kwa saa ya nyumba ile. Kisha nikaianzisha.

Ilikagua mara moja. Ikasaga kutwa ile, na kesho yake ikaendelea kusaga. Watu walioingia kusalimia waliambiwa na mama waongee polepole, kana kwamba kuna mtoto amelala. Umeme ulituhurumia. Ilipomaliza, niliweka ile programu ya kusoma juu ya kiunzi chake, nikaandika neno moja.

"Baba," mashine ilisema, kwa sauti kavu ya puani.

"Naam," baba akaitika, akiwa ameshaanza kuinuka. Kisha akakaa, akajifunika uso kwa mikono miwili, mabega yakatikisika, na kwa muda sikujua kama anacheka au analia. Alikuwa anafanya yote mawili.

Nilimwandikia somo la sikukuu. Ni somo refu, watu wanavuka mto wakiwa wamebeba sanduku, na maji yanasimama ili wapite. Baba akajifunza kipele cha kusimamisha, cha kurudisha na cha kuendeleza. Kiswahili cha yule msomaji kilimchekesha. "Huyu naye alijifunzia ukubwani," alisema, "kama sisi." Lakini alimtii. Kutwa nzima nyumba ilijaa sauti ile ikivuka mto, na baba nyuma yake kwa nusu sentensi, akirudia.

Kulikuwa na kasoro moja. Katikati ya somo, watu wakiwa wamesimama ndani ya mto mkavu, mashine ilikwama. Kila mara, mahali pale pale. Ilikuwa inapakia kipande cha pili cha somo, na kwa umri wake ilihitaji kukusanya nguvu. Feni ilipanda, ikashuka, kisha sauti ikaendelea kana kwamba haikutokea kitu. Nilimwambia baba kwamba naweza kurekebisha, nibadilishe mpangilio mmoja nisage upya.

"Acha," alisema. "Na yeye anapumua."

Jumapili kanisa lilijaa mpaka nje. Kompyuta ilibaki nyumbani, kigango hakina umeme. Mama alimshika baba mkono mpaka kwenye kitabu, akamwachia. Baba akakifungua, akaweka kiganja juu ya ukurasa asiouona, akaanza.

Alisoma vizuri. Mwanzoni nilifumba macho kwa hofu, kisha nikayafumbua kwa sababu nilisikia kitu. Alikuwa anashuka mwisho wa sentensi mahali ambapo binadamu hashuki. Ilikuwa sauti ya baba, yenye kifua chake chote, lakini mwendo ulikuwa wa yule msomaji wa puani. Watu waliingia mtoni, maji yakasimama, waliobeba sanduku wakasimama pakavu katikati.

Baba akanyamaza.

Kanisa zima likasikia kimya kile. Mwenyekiti wa kigango akainua uso. Katibu akasogea kidogo kwenye benchi kama mtu anayejiandaa kwenda kusaidia. Mama alinishika mkono kwa nguvu, akanong'ona, "Kumbukumbu imepotea. Mwanangu, imempotea."

"Haijapotea," nilimwambia. "Subiri."

Nilikuwa naisikia feni. Inapanda. Nilimtazama baba amesimama, uso umetulia, haombi msaada wa mtu, na watu wote wale wamesimama naye katikati ya mto. Feni ikashuka. Baba akaendelea, mpaka ng'ambo, mpaka neno la mwisho.

Tulipotoka, mwenyekiti alimshika mikono yote miwili. "Mwalimu, pale ulipotunyamazia," alisema, "mimi nilitetemeka. Umetupa nafasi ya kutafakari."

Baba alimshukuru kwa adabu. Tulipobaki peke yetu njiani, mkono wake begani kwangu, aliniita mara moja tu.

"Mama. Nilipumua vya kutosha?"

"Ulipumua vya kutosha, baba."